Si Kila Mzigo Ni Msalaba

Mke anayepigwa na mumewe huambiwa avumilie, kwa kuwa huo ndio msalaba wake. Mgonjwa wa miaka mingi huambiwa vivyo hivyo, na hata kibarua anayedhulumiwa ujira. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini ukiipima kwa Injili yenyewe inapwaya. Msalaba ambao Yesu aliwataka wanafunzi wake waubebe haukuwa balaa linalomkuta mtu bila hiari yake. Ulikuwa gharama anayoikubali kwa sababu ameamua kumfuata Masihi.

Wasikilizaji wake wa kwanza hawakuhitaji kufafanuliwa. Kusulubisha kulikuwa adhabu ya Dola ya Kirumi kwa watumwa na waasi, na kwa kawaida raia wa Rumi waliepushwa nayo. Mwaka 71 KK, uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus ulipozimwa, mateka wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Rumi. Mwanahistoria Yosefo anaeleza kwamba baada ya Herode Mkuu kufa, Varus, gavana wa Siria, aliwasulubisha Wayahudi wapatao 2,000. Mara nyingi mhukumiwa alibebeshwa boriti ya msalaba wake mbele ya watu. Kwa hiyo aliyeambiwa abebe msalaba alielewa kwamba huenda akapoteza heshima, mali na hata uhai kwa kusimama upande wasioutaka wenye nguvu.

Mtiririko wa Injili ya Marko unathibitisha hilo. Petro anamkiri Yesu kuwa Masihi, kisha anapinga habari za kuteswa kwake, na hapo ndipo agizo la kuikana nafsi na kubeba msalaba linatolewa. Sura mbili mbele, Yakobo na Yohana wanaomba viti vya heshima, nao wanajibiwa kwamba anayetaka ukubwa awe mtumishi. Hoja ni jinsi mtu anavyotumia uwezo wake. Vipofu na wakoma waliomjia Yesu aliwaponya. Hakuwaambia kwamba maradhi yao ndiyo msalaba wao.

Wapo watakaouliza kama kusema hivi si kuwanyang'anya wanaoteseka faraja yao. La hasha. Paulo aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini uondolewe, akapewa neema ya kustahimili, na faraja hiyo ingali ya kila mgonjwa. Lakini kumfariji mtu ni jambo moja, na kuhalalisha dhuluma anayotendewa ni jingine. Tukimwambia anayepigwa abebe msalaba, tunamwacha anayepiga bila agizo lolote, ilhali ndiye anayepaswa kuikana nafsi yake.

Wengine watasema kwamba kwa maana hiyo msalaba unabaki kuwa wa mashujaa, watu kama Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977 baada ya maaskofu kumlalamikia Idi Amin kwa maandishi juu ya ukatili wa utawala wake. Hapana, kwa sababu Luka anaandika kwamba msalaba hubebwa kila siku, naye ndiye anayetusimulia habari za Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko aliyeahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne aliowapunja. Luwum mwenyewe aliokoka mwaka 1948 katika uamsho wa walokole, uliochipuka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Walokole walijulikana kwa kutubu hadharani, kurudisha walivyoiba na kupatana na waliowakosea. Katika shule hiyo mtu alizoea kusema kweli hata iliposhusha hadhi yake, muda mrefu kabla ya kutakiwa kuisema mbele ya mtawala.

Basi anayetaka kujua kama mzigo wake ni msalaba na ajiulize: nimeubeba kwa sababu ya kumfuata Kristo, na je, kuna jirani anayepata haki au uzima kwa gharama yangu? Karani anayekataa mlungula akakosa cheo, au ndugu wa marehemu anayemtetea mjane ukoo unapotaka kumnyang'anya shamba, kila mmoja angeweza kunyamaza akabaki salama. Kwa kuwa amechagua kutonyamaza, hasara inayompata ndiyo msalaba wake.