Weupe wa tishu si usafi

Kuna swali ambalo sisi madaktari huulizwa mara kwa mara, lakini kwa sauti ya chini: je, ile karatasi ya chooni ya rangi ya kijivu, inayotengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika, yaweza kumletea mtu ugonjwa? Wanaouliza wana sababu. Wamesikia kwamba imetokana na takataka, na wanaona afadhali wajinyime kitu kingine nyumbani ili wapate ile nyeupe pe, laini, yenye manukato.

Jibu ni kwamba tishu ya kijivu iliyotengenezwa kiwandani na kufungwa vizuri haina dhara kwa mtu mzima wala mtoto. Tena, mara nyingi ni nafuu kwa mfuko wako, kwa ngozi yako na kwa misitu na mito yetu. Kitu kinachoilinda familia dhidi ya maradhi ya tumbo si weupe wa karatasi bali ni maji na sabuni. Hebu tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

KARATASI HUTOKA WAPI?

Karatasi ni nyuzi za mti. Ili kuzipata, magogo hukatwakatwa vipande vidogo, kisha vikachemshwa katika kemikali zenye soda na salfa mpaka ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi, iitwayo lignini, iyeyuke. Kinachobaki ni uji wa rangi ya hudhurungi, kama rangi ya bahasha ya kaki. Wakazi wa Webuye, kando ya Mto Nzoia, hawahitaji kuelezwa harufu ya kazi hiyo. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kufanya kazi huko mwaka wa 1974 na kikasimama mwaka wa 2009, na katika miaka hiyo harufu ya salfa, inayofanana na ya yai viza, ilikuwa sehemu ya maisha ya mji.

Uji huo wa hudhurungi hauwi mweupe wenyewe. Ni lazima utiwe dawa. Zamani viwanda vingi duniani vilitumia gesi ya klorini, nayo ilipokutana na mabaki ya mti ikazalisha sumu ziitwazo dioksini. Sumu hizo hutiririka na maji machafu hadi mtoni, huingia katika samaki na wanyama, na hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dioksini inayomfikia binadamu hupitia katika chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Yaani, sumu ya kiwanda cha karatasi haimfikii mtu kwa kujipangusia karatasi hiyo. Humfikia kupitia sahani yake. Dioksini ni miongoni mwa sumu zilizotajwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka wa 2001, ambao Kenya ni mwanachama wake.

Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vimeacha gesi hiyo na kutumia klorini dayoksaidi, oksijeni au haidrojeni peroksaidi, na dioksini imepungua sana. Kwa hivyo sisemi kwamba ukitumia tishu nyeupe utapata saratani. Ninachosema ni kwamba weupe huo hauongezi usafi hata kidogo. Ni rangi tu, na rangi hiyo imegharimu miti, maji na kemikali.

KWA NINI YA KIJIVU NI BORA?

Nyuzi za karatasi zaweza kutumiwa tena mara tano hadi saba kabla hazijawa fupi mno kushikana. Daftari la mtoto laweza kuwa gazeti, gazeti likawa trei ya mayai. Tishu ya chooni ndiyo kituo cha mwisho, maana ikishaingia chooni hairudi. Basi kuna busara gani ya kuukata mti mzima na kuupeleka moja kwa moja kwenye kituo hicho cha mwisho? Tishu iliyotengenezwa kwa karatasi zilizotumika huokoa mti, na kwa kawaida huhitaji maji na nguvu za umeme kidogo zaidi kuliko ile inayotengenezwa kwa mti mpya. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali kufikisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mwananchi naye hutoa mchango wake anapochagua anachonunua.

Na je, zile takataka? Kiwandani, karatasi kuukuu hulowekwa na kupondwa, huchujwa pini na plastiki, huoshwa wino, kisha uji wake hukaushwa juu ya pipa kubwa la chuma lililopashwa moto kwa mvuke. Vijidudu vya kawaida vya maradhi haviwezi kuvumilia safari hiyo.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Stakabadhi za dukani, zile zinazochapishwa kwa joto bila wino, nyingi hupakwa kemikali iitwayo bisfenoli, na chembe zake zimewahi kupatikana katika tishu za kijivu. Kiasi hicho ni kidogo, na njia kuu ya kemikali hiyo kumfikia mtu ni chakula, hasa kile cha mikebe. Hata hivyo, unapokusanya karatasi kuukuu za kuuza au kumpa mwokotaji, stakabadhi hizo zitenge.

TISHU HAIOSHI MIKONO

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Mtu aliyetumia tishu nzuri kuliko zote, yenye tabaka tatu, akitoka chooni bila kunawa kwa sabuni, anabeba vijidudu vidoleni. Karatasi hulowa na kupenyeka, na vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na amiba havionekani kwa macho. Wengi tunaukumbuka mlipuko wa kipindupindu ulioanza humu nchini Oktoba 2022. Ugonjwa huo hauulizi mtu alitumia tishu ya rangi gani.

Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kunawa mikono kwa sabuni hupunguza visa vya kuhara kwa watoto kwa karibu asilimia 30. Hakuna karatasi ya aina yoyote inayoweza kudai hivyo. Kwa hivyo, ikiwa bajeti yako ni finyu, nunua tishu ya bei nafuu na ile tofauti uitie katika kipande cha sabuni kitakachokaa karibu na choo daima. Nawa kwa muda wa sekunde 20, usisahau chini ya kucha na katikati ya vidole, kisha kausha mikono, kwa sababu mikono yenye maji hueneza vijidudu kwa urahisi zaidi kuliko mikavu.

MAJI NI DAWA

Wenzetu wa Pwani, na Waislamu kote nchini, hutawadha kwa maji chooni tangu jadi. Kitabibu, desturi hiyo ina faida. Mwenye bawasiri, aliyechanika sehemu ya haja kubwa, mama aliyetoka kujifungua na mgonjwa anayehara mara nyingi, wote hupata nafuu wakitumia maji safi badala ya kujisugua kwa karatasi. Mkono unaotumika unawiwe kwa sabuni baadaye. Ukishatawadha, vipande viwili vya tishu vyatosha kujikaushia, na roli lililokuwa likiisha kwa siku tatu litakaa zaidi ya wiki.

Kina mama na wasichana, jipanguseni kutoka mbele kwenda nyuma. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko karibu na sehemu ya haja kubwa, na bakteria wakivutwa mbele huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Wafundisheni mabinti wenu hivyo tangu wakiwa wadogo. Tena, epukeni tishu zenye manukato na rangi za maua. Ukisumbuliwa na mwasho sehemu za siri, acha tishu hizo kwanza kabla ya kununua dawa ya kupaka, kwani manukato yake huweza kuwa ndiyo yanayoichokoza ngozi.

JIKONI NA MEZANI

Nyumba nyingi siku hizi zina roli la karatasi jikoni, na kila tone la chai linalomwagika hukatiwa kipande. Kazi hiyo yaweza kufanywa na kitambaa cha lesso au fulana kuukuu. Kata vipande kadhaa, uvigawe: cha meza, cha vyombo, cha mikono. Visifanye kazi ya mwenzake. Vifue kila siku kwa sabuni, uvichemshe mara kwa mara na kuvianika juani hadi vikauke kabisa, kwa maana kitambaa kinachokaa kikiwa kimelowa ni shamba la bakteria. Majimaji ya nyama mbichi na kuku ndiyo pekee ninayokushauri uyapanguse kwa karatasi na kuitupa papo hapo.

Usifungie chakula katika gazeti, hata hili ulilolishika mkononi. Wino wa magazeti una mafuta na kemikali ambazo hazikukusudiwa kuliwa, na chipsi, mandazi au nyama yenye mafuta huzifyonza upesi. Gazeti pia limepitia mikono mingi. Hali kadhalika, vikombe na sahani nyingi za karatasi zimepakwa plastiki kwa ndani. Usizichome jikoni wala uani, kwa sababu moshi wake si wa karatasi pekee.

WAPI USIBANE MATUMIZI?

Kuna mahali ambapo karatasi ya kutupa ni bora kuliko kitambaa. Mwenye kifua kikuu, homa ya mafua au kikohozi chochote cha kuambukiza na afunike mdomo na pua kwa tishu anapokohoa, aitupe katika pipa lenye kifuniko au choo cha shimo, kisha anawe mikono. Hanchifu inayorudishwa mfukoni hubaki na vijidudu.

Kidonda nacho kisifunikwe kwa tishu. Nyuzi zake hukatika na kunasa humo, na kukisafisha huwa shida. Tumia shashi ya dawa au kitambaa safi kilichopigwa pasi.

UKIWA DUKANI

Nyakati nyingine karatasi ya bei nafuu si nafuu kamwe. Kabla ya kulipa, angalia mambo haya:

1. Idadi ya vipande na tabaka. Roli nono laweza kuwa limezungushwa kwa ulegevu tu. Linganisha idadi ya vipande iliyoandikwa, si unene.

2. Neno "recycled" kwenye pakiti. Maana yake ni kwamba imetengenezwa kwa karatasi zilizotumika. Picha ya jani la kijani au rangi ya hudhurungi peke yake si ushahidi.

3. Kama imetoka kwa mti mpya, tafuta alama ya FSC, yenye umbo la mti. Baraza hilo, lililoanzishwa mwaka wa 1993, huthibitisha kwamba miti imetoka katika misitu inayotunzwa.

4. Alama ya ubora ya KEBS, na pakiti isiyopasuka. Roli lililo wazi kando ya barabara hukusanya vumbi na unyevu, liwe jeupe au la kijivu.

5. Lisiwe na manukato.

YASIYOFAA KUTUPWA CHOONI

Tishu huoza ndani ya choo cha shimo, na katika choo cha maji hulainika na kwenda zake. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto, ijapokuwa huonekana kama karatasi, vingi vina nyuzi za plastiki. Nepi za kutupa na sodo pia zina plastiki. Vitu hivi haviozi. Hujaza shimo kabla ya wakati wake na kuziba mabomba, na majitaka yakifurika ua mzima huwa hatarini. Kinyesi cha mtoto kitiwe chooni kwanza, kisha nepi iende kwenye takataka. Mtoto anaposhinda nyumbani, nepi za kitambaa zilizofuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi zinafaa sana, na maji na pamba vyatosha kumsafisha.

Na mwisho, neno kuhusu afya yako. Ukiona damu kwenye tishu, usikimbilie kununua iliyo laini zaidi wala usijipe jibu kwamba ni bawasiri. Huenda ikawa ndiyo, lakini damu hiyo pia yaweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya utumbo mpana, ambayo hutibika vizuri zaidi inapogunduliwa mapema. Kadhalika mwasho usioisha baada ya wiki mbili, maumivu unapokwenda haja au mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa majuma kadhaa si mambo ya kuonea haya. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe ukapimwe.