Kuvu Nyumbani: Ondoa Maji Kwanza, Ndipo Ufute Ukuta

Mkulima akiona maji yamesimama katika shamba lake la viazi hangoji kuambiwa la kufanya. Huchukua jembe akachimba mtaro, maji yakapata njia ya kutoka. Lakini mkulima huyo huyo, aonapo doa jeusi katika pembe ya chumba cha kulala, hununua rangi akalifunika. Baada ya mvua chache doa hutokea tena, na mara hii limekuwa kubwa zaidi.

Makala hii ina neno moja la kusema: nyumba ni kama shamba. Kuvu haikomi kwa kupakwa rangi, wala kwa kufutwa peke yake. Hukoma inapokosa maji. Basi kazi ya kwanza ni kujua maji yanaingia wapi.

Kwa nini nyumba zetu hupata kuvu

Mpango wa kugawa ekari milioni moja kwa wakulima ulianza mwaka 1962, na skimu nyingi ziliwekwa katika nchi ya juu yenye mvua na baridi. Tuchukue mfano wa Kinangop, kando ya milima ya Nyandarua. Nchi hiyo ipo zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake mwingi ni mfinyanzi mzito, na maji huchelewa kuzama. Mvua ndefu huanza Machi hadi Mei, mvua fupi Oktoba hadi Desemba, na katikati, tangu Juni hadi Agosti, huja baridi na ukungu. Nyumba haipati nafasi ndefu ya kukauka.

Lugha yetu huuita ukungu ule wa bondeni asubuhi na ule wa ukutani kwa jina moja. Ili tusichanganyikiwe, hapa tutauita ule wa ukutani kuvu.

Kuvu ni kiumbe kidogo sana. Mbegu zake huruka hewani kila mahali, na hakuna nyumba isiyo nazo. Mbegu hizo hukaa kimya mpaka zipate unyevu. Zikipata, siku moja au mbili zatosha kuanza kuota juu ya mbao, nguo, karatasi, rangi, ngozi ya viatu au mahindi. Chakula chake kimejaa nyumbani mwetu, nasi hatuwezi kukiondoa. Maji tunaweza kuyaondoa.

Madhara yake si sura mbaya ya ukuta tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu ndani ya majumba. Mwongozo huo unasema kwamba wakaao katika nyumba za namna hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kifua kulia kama filimbi, na pumu. Watoto na wenye pumu huumia zaidi. Ikiwa mtoto wako anakohoa kila usiku, mpeleke zahanati. Usidhani kwamba kusafisha ukuta kutatosha. Lakini usimrudishe kulala kando ya ukuta ule ule.

Njia tatu za maji

Maji huingia nyumbani kwa njia tatu: kutoka ardhini, kutoka nje kwa mvua, na kutoka ndani kwa watu wenyewe. Kila njia ina alama yake.

Doa likianzia chini ya ukuta na kupanda kidogo kidogo, maji yanatoka ardhini. Likiwa chini ya paa, au kandokando ya dirisha, au limekuja baada ya mvua ya upepo, maji yanatoka nje. Likiwa pembeni mwa chumba cha kulala, nyuma ya kabati, au darini, nalo huzidi wakati wa baridi hata kama mvua hainyeshi, maji yanatoka ndani.

Ukiwa bado na shaka, fanya jaribio hili. Kata kipande cha karatasi ya nailoni ukubwa wa kitabu. Kikaushe ukuta mahali hapo kwa kitambaa, kisha gandisha nailoni pande zote nne kwa utepe wa gundi. Ngoja siku mbili. Ukiona matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji yanatoka katika hewa ya chumba. Ukiyaona chini yake, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani.

Maji ya ardhini na ya mvua

Ofisini kwetu aliwahi kufika mama mmoja, akaomba dawa ya kupaka ukutani.

"Bwana karani, nimepaka mara mbili na doa linarudi."

"Pole, mama. Liko ukuta upi?"

"Ule wa nyuma ya kitanda cha watoto, upande wa chini."

"Na nje ya ukuta huo kuna nini?"

Akafikiri kidogo. "Hapo ndipo maji ya paa humwagikia. Hata majani hayakauki."

"Basi, mama, dawa iko nje. Ya ndani itafuata."

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita 48 za mraba. Mvua moja ya milimita 25 hutoa lita 1,200 juu ya paa hilo, yaani mapipa 6 ya lita 200. Maji hayo yasipokuwa na mfereji wa kuyapokea, mapipa yote sita humwagwa katika msingi wa nyumba. Yakipokewa ndani ya tangi, ng'ombe hunywa na mama hupunguza safari za mtoni. Maji yale yale yanayoharibu nyumba ndiyo tunayoyafuata mbali kwa mtungi.

Fanyeni hivi, kwa utaratibu huu:

1. Funga mfereji wa paa, uelekeze maji katika tangi au pipa. Tangi likijaa, maji yanayofurika yapelekwe mbali na nyumba, si chini ya ukuta.

2. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, ule ambao maji ya mlimani hutelemkia, ili yazunguke na kwenda zake bustanini. Mtaro uwe na mtelemko, la sivyo utakuwa kisima.

3. Ondoa udongo, kuni na samadi vilivyoegemea ukuta. Ardhi ya nje iwe chini kuliko sakafu, walau sentimita 15, tena ilale ikielekea mbali na nyumba.

4. Ziba matundu ya misumari ya mabati na nyufa za ukuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hii wajenzi waijua kuliko sisi.

Anayejenga nyumba mpya ana bahati, maana kinga haina gharama kubwa siku ya msingi. Mwambie fundi atandike karatasi nzito ya nailoni chini ya sakafu ya saruji, na aweke tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kuinua ukuta. Nyumba ya mbao na ikae juu ya mawe au msingi wa saruji, mbao zisiguse udongo. Upenu uwe mpana, kama sentimita 60, ili mvua isipige ukuta.

Mwenye nyumba ya udongo asikimbilie kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta uliolowa. Saruji hufungia maji ndani, kisha huachana na udongo na kuanguka vipande vipande. Kausha ukuta kwanza, uukandike kwa udongo mzuri, kisha upake chokaa. Chokaa huuacha ukuta upumue, na kuvu haipendi ukali wake.

Maji yatokayo kwetu wenyewe

Wengi hawaamini jambo hili, lakini kila mtu alalaye hutoa maji kwa pumzi na jasho. Watu sita wakilala chumba kimoja usiku kucha hutoa karibu lita 2. Ongeza mvuke wa sufuria, maji ya kuoga na nguo zilizoanikwa ndani. Hewa yenye joto hubeba maji mengi. Ikigusa bati au ukuta baridi huyaangusha. Ndiyo sababu alfajiri mabati hudondosha matone kana kwamba yamevuja, hali hayana tundu hata moja.

Dawa ni hewa. Kila asubuhi, hata kukiwa na baridi, fungua madirisha ya pande mbili za nyumba kwa muda wa nusu saa. Acha matundu ya hewa juu ya ukuta, wala usiyazibe kwa matambara wakati wa baridi. Funika sufuria zinapochemka, na moshi na mvuke wa jikoni vipate njia ya kutoka. Anika nguo nje au chini ya kipaa cha wazi. Weka dari chini ya mabati, ili hewa ya chumba isiguse bati baridi. Kitanda, sanduku na kabati visiguse ukuta. Acha nafasi ya kupita mkono. Magodoro na mablanketi yatolewe juani kila jua linapowaka vizuri.

Tahadhari moja ni ya maisha na mauti. Usikaushe chumba kwa jiko la makaa huku mmefunga madirisha na mmelala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na huua watu usingizini.

Mahindi yasilale pamoja nasi

Sasa twafika penye hatari kubwa kuliko zote. Wengi wetu huogopa wezi, tukaweka magunia ya mahindi chumbani, tena yameegemea ukuta ule ule wenye unyevu.

Kuna kuvu ya nafaka itoayo sumu iitwayo sumukuvu, nao wataalamu huiita aflatoksini. Mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa hospitali kwa sumu hiyo, na 12 wakafa. Mwaka 2004 ikarudi katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani: watu 317 waliugua, na 125 wakafa. Wachunguzi walipolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za wazima, waliona kwamba wagonjwa wengi zaidi walikuwa wameweka mahindi yasiyokauka ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Mtu wa Kinangop atasema kuvu hiyo ni ya nchi ya joto. Ni kweli hupenda joto, lakini mahindi husafiri kwa lori, na mengi tunayokula yamenunuliwa kutoka kwingine. Tena nchi za baridi zina kuvu nyingine za mahindi, nazo zina sumu zake.

Mahindi yakaushwe mpaka unyevu wake usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuwekwa. Asiye na chombo cha kupimia atumie chumvi. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na mahindi mpaka thuluthi ya chupa, funga, utikise dakika 2 au 3. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isiposhika, unyevu upo chini ya asilimia 15. Ongeza siku nyingine ya jua ndipo uyaweke. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo.

Magunia yawekwe ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta. Kama ni lazima yakae ndani, yawe katika chumba kikavu ambamo watu hawalali, juu ya mbao vile vile. Mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa ni mizuri kwa kuzuia wadudu, lakini mahindi mabichi ukiyafungia humo yataoza.

Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe. Kuyapika hakuondoi sumukuvu. Msiyapeleke pombeni, msiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na maziwa hayo huyanywa mtoto wako au wa jirani.

Kusafisha ukuta

Maji yakiisha kuzuiwa, sasa futa. Funga kitambaa puani na mdomoni, fungua madirisha, na watoto watoke nje. Usisugue kuvu kavu kwa brashi, maana utazitawanya mbegu. Lowesha kwa maji na sabuni, sugua, futa, kisha kausha siku ile ile. Ukitumia dawa ya klorini, fuata maagizo ya chupa, wala usiichanganye na dawa nyingine ya usafi, maana huweza kutoa hewa ya sumu. Mkeka au godoro lililooza ndani halisafishiki, litupwe. Rangi au chokaa ipakwe mwisho, ukuta ukiwa mkavu.

Mvua inayofuata ikinyesha, vaa koti utoke nje. Zunguka nyumba yako mara moja, utazame maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Robo saa ya kutazama itakuonyesha mahali pa kuanzia jembe. Ng'ombe umemjengea banda lisilovuja, na viazi umevichimbia mitaro. Watoto wako nao wapate pakavu pa kulala.