Wimbi Linaloyumba Juu ya Mtambile

Mtambile, wilaya ya Mkoani kisiwani Pemba, ndipo barabara itokayo Chake Chake kwenda bandarini inapoachana na ile ya Kengeja na Mwambe. Magharibi ikiingia, watu wa hapo hushughulikia ya magharibi: gari za mwisho, sala, kitoweo cha usiku. Saa hizo hizo, zaidi ya kilomita 300 juu ya vichwa vyao, huanza msukosuko ambao jicho halioni wala sikio halisikii. Linaloupata ni wimbi la redio linalotoka kwenye setilaiti kuja kwenye simu.

Tabaka lenye msukosuko huo huitwa ionosfia. Mchana, mionzi ya jua hugonga atomi za hewa nyembamba ya huko juu na kuzinyofoa elektroni. Jambo hilo hutokea dunia nzima, ila ukanda wetu una lake la ziada. Ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo si ile iliyochorwa kwenye ramani, hupita Ethiopia. Huko, nguvu za umeme na za sumaku kwa pamoja huinua elektroni mchana kutwa. Zikishafika juu sana, huteremka kaskazini na kusini kwa kufuata mistari ya sumaku, zikarundikana kiasi cha nyuzi 15 kila upande. Wanasayansi huiita hali hii chemchemi ya ikweta. Ukihesabu nyuzi hizo kutoka Ethiopia kuja kusini, unafika Pemba. Kisiwa hiki, basi, kimekaa chini ya moja ya sehemu za anga zenye elektroni nyingi kabisa duniani.

Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hupoteza elektroni upesi, huku ya juu ikibaki nazo tele. Inakuwa kama mafuta yaliyonaswa chini ya maji: hayana budi kupanda. Mapovu yenye elektroni chache hupenya kwenda juu mamia ya kilomita, na wimbi linalopita ndani yake huyumba, hufifia, hupata nguvu tena, pengine hukatika. Hali huzidi miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua lina madoa mengi, kama ulivyokuwa mwaka 2024. Mwenye simu ya kawaida huenda asitambue kitu, kwani kukosea mita chache hakumpotezi njia. Mpima ardhi anayetaka usahihi wa sentimita hutambua mara moja.

Wazee wa Pemba waliifaidi ionosfia kwa namna nyingine. Kiswahili cha redio ya Cairo kilipoanza kusikika mwaka 1954, na cha BBC mwaka 1957, sauti zilikuja kwa mawimbi mafupi yaliyopanda, yakarudishwa na tabaka hilo, yakashuka maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Siri hiyo ilikuwa imewashughulisha wataalamu tangu Desemba 1901, Guglielmo Marconi alipotangaza kwamba amepokea Newfoundland ishara iliyorushwa kutoka Cornwall, Uingereza. Wimbi limeupitaje mviringo wa dunia? Mwaka uliofuata Arthur Kennelly aliyekuwa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walisema lazima juu kuna tabaka lenye umeme. Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Kitu kinachoanzia Ethiopia, kikamwagikia Pemba na kuyumbisha wimbi la setilaiti ya Marekani hakiwezi kuchunguzwa na nchi moja. Haja ya kushirikiana katika sayansi ya redio ilionekana zamani: mwaka 1919, mjini Brussels, ulianzishwa Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Redio, URSI. Mpaka leo umoja huo una kamisheni inayoshughulikia mambo mawili pamoja: safari ya mawimbi na upimaji wa mbali. Yamewekwa pamoja kwa sababu ya msingi. Chochote kinacholipata wimbi njiani hubaki ndani yake kama habari. Wimbi la masafa ya chini hucheleweshwa na elektroni zaidi kuliko la masafa ya juu. Pima tofauti ya kuchelewa kwao, utajua elektroni zilizo njiani ni ngapi. Kinachomkera mpima ardhi ndicho kipimo cha mchunguzi wa anga.

Zanzibar iliingia mapema katika kazi za aina hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 NASA, shirika la anga la Marekani, ilijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, kimoja kati ya 18 vilivyotandazwa kuzunguka dunia. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilizungumza naye. Lakini takwimu zilikwenda kituo cha NASA cha Goddard, Maryland, na wananchi wengi walihofu kwamba kituo ni cha kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, ilipofika Aprili 1964, serikali ilitaka kiondoke, kikaondoka. Ushirikiano ambao mwenyeji hajui kinachopimwa uwanjani kwake hauwezi kuota mizizi.

Ng'ambo ya kaskazini, chini ya kilomita 300 kutoka Mtambile, mambo yalikwenda vingine. Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 mwaka 1967 ili kupima hewa ya juu kwenye ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikarushwa nyingine iliyopewa jina Uhuru. Baadaye Malindi ikapata kipokezi cha GPS katika mtandao wa kimataifa wa IGS, ambao takwimu zake ni bure kwa yeyote, awe Roma au Chake Chake.

Faida haiishii kwenye elektroni. Juni 2019 Taiwan na Marekani zilirusha setilaiti sita za COSMIC-2, zinazozunguka juu ya ukanda wa joto tu. Hupokea mawimbi ya GPS yanayopita kandokando ya dunia; kwa kupima yalivyopinda, hutambua elektroni zilizo juu, na joto na unyevu wa hewa ya chini. Vipimo hivyo huingia katika utabiri wa hali ya hewa. Watu wa karafuu wanajua thamani yake. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja bila onyo lolote. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, setilaiti zilikuwa zinakifuata na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema.

Visiwani wasomaji wa vipimo wapo. Kuanzia mwaka 2016, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pamoja na Kamisheni ya Ardhi, walirusha ndege zisizo na rubani na kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa picha zinazoonyesha hata mti mmoja mmoja. Ramani ya namna hiyo hutegemea GPS iliyosahihishwa vizuri. Wao wenyewe, basi, ndio wenye haja kubwa ya kuielewa ionosfia ya kwao.

Kinachohitajika ni kitu kidogo: kipokezi cha masafa mawili juu ya paa la skuli, umeme wa uhakika, intaneti, na mwalimu aliyefunzwa. Mafunzo yapo: kituo cha ICTP cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kimefundisha Waafrika wengi elimu hii. Vipimo vya Pemba vingewafaa wachunguzi wa Ethiopia, Kenya, Italia na Taiwan, kwa kuwa rundo la kusini la chemchemi liko huku. Wakivitaka, na wapewe. Lakini mtu wa kwanza kuvisoma, na kuwaeleza wenziwe kilichotokea angani jana usiku, anapaswa kuwa mwanafunzi wa Mtambile.