Mbega wa Mto Tana: Jirani Yako Asiyetaka Ndizi

Ukiingia magofu ya Gede na ndizi mkononi, huimalizi. Kima watashuka mtini, mmoja akupande begani, na picha yake utaiposti kabla hujatoka getini.

Sasa sikia. Panda matatu Malindi, shika barabara ya Garsen, kisha ufuate Mto Tana kuelekea Hola. Huko kuna binamu wa huyo kima ambaye ndizi yako mbivu ingemvuruga tumbo.

Anaitwa mbega mwekundu wa Mto Tana. Mgongo ni wa kijivu, utosi mwekundu, na kidole gumba hana. Chakula chake hasa ni majani machanga. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, kama la ng'ombe, na ndani yake bakteria huchachusha majani mpaka yatoe nguvu. Ndiyo maana utamkuta ameketi tu, kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi. Si mvivu, chakula kinafanya kazi.

Shida ni kwamba duniani kote hapatikani kwingine ila kwenye vipande vya msitu kandokando ya mto huo. Inakadiriwa wamebaki karibu 1,000, idadi ya wanafunzi wa shule moja kubwa ya upili.

Unataka kuwalaumu wakulima wanaokata miti? Pole pole. Wapokomo wamelima kingo hizo vizazi na vizazi, na mkuyu unaomlisha mbega ndio huohuo unaochongwa mtumbwi. Serikali ilitangaza hifadhi ya wanyama hao mwaka wa 1976. Wenyeji wakaenda kortini, na 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi hiyo haikuanzishwa kisheria.

Wewe pia hujajitoa hapo. Msitu ule huishi kwa maji ya mto: mafuriko yakija, udongo hulowa na miche mipya huota. Lakini huko juu Tana imewekewa mabwawa ya umeme, likiwemo la Masinga lililokamilika 1981, nayo hubadilisha jinsi maji yanavyoshuka. Umeme unaochaji simu yako Kilifi, sehemu yake hutoka huko.

Basi nani atamwokoa mbega? Amri kutoka Nairobi peke yake haikutosha. Msitu utabaki ikiwa mwenye shamba kando yake ana faida ya kuuacha usimame. Tayari kuna hifadhi ya jamii ya Ndera, ambako wenyeji wenyewe ndio walinzi. Watu kama hao wanahitaji wageni wanaolipa, hata wa kutoka hapa hapa Pwani.

Kwa hivyo likizo ijayo, badala ya Gede mara ya tano, changeni nauli mwende Tana na mtafute mwenyeji awaongoze. Ndizi ziacheni nyumbani, bebeni darubini. Mbega hatakupanda begani. Itabidi uinue kichwa na utulie, kama yeye.