Moyo hujulikana ukiwa kazini

Mzee apandaye ngazi akasimama katikati, mkono kifuani, kisha akawaambia wanawe kuwa ni uchovu tu, huenda anaficha jambo zito. Moyo ambao mishipa yake imezibwa na mafuta aghalabu hutosheka na damu kidogo mwili unapotulia. Ukidaiwa kazi zaidi, ndipo dhiki yake hudhihirika. Ndiyo maana kipimo cha umeme wa moyo kifanywacho mtu akiwa amelala chaweza kutoka safi, ilhali maradhi yamo.

Hapo daktari humtaka mgonjwa atembee juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, nyaya zikiwa zimebandikwa kifuani. Utaratibu mashuhuri wa kipimo hicho uliwekwa na Daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1963. Mtu huanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, juu ya mwinuko wa asilimia 10. Na kila baada ya dakika 3, kasi na mwinuko huongezwa. Daktari hutazama mistari ya umeme, shinikizo la damu na muda ambao mgonjwa amestahimili.

Hata hivyo, kipimo hiki hukosea. Uchambuzi wa tafiti 147 uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa katika wagonjwa 100 wa mishipa ya moyo, kilibaini takriban 68; na katika watu 100 wasio na ugonjwa huo, takriban 23 walitiwa hofu bure. Tena si cha kila mtu. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri kuwa wasio na dalili na wenye hatari ndogo wasipimwe hivyo, kwani jibu la makosa laweza kuwaingiza katika vipimo vizito visivyo na haja. Hao yawafaa zaidi kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta ya damu, na kuacha sigara.

Basi maumivu ya kifua yajayo mtu atembeapo na kuondoka apumzikapo yasiitwe uchovu. Apelekwe kwa daktari. Na yakija mtu ametulia, yasiondoke, huo si wakati wa kusubiri kipimo: akimbizwe hospitali saa ile ile. Mwana asione haya kumwuliza mzazi wake, wala mzazi asione ni udhaifu kujibu kweli.