Janti ndogo, pneu ngumu: jeep ya kwenda ku mine haiko ya arusi

Wandugu wachimbaji, na nyinyi wamama wenye munangojeaka nyumbani, leo tuongee juu ya pneu. Wengine watasema syndicat imekosa kazi. Lakini hatari ya mine haianzie mu kishimo. Inaanza barabarani, asubuhi na mapema, wakati watu wanapanda juu ya mizigo kwenda Rubaya.

Angalia jeep zenye zinapita Sake. Nyingi ni Prado za occasion kutoka Japani ao Dubai, zenye zilitembea maisha yao yote ku goudron. Zingine zinafika na janti ya 18 inayong'aa, na pneu yenye ubavu mufupi. Mu mji inapendeza, hata kwa kubeba bibi arusi. Lakini Goma yetu imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lave ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya 2021 ikafika Buhene, na jiwe lile likivunjika linakata kama chupa. Ukishapita Sake unapanda Mushaki, na kule siku ya mvua ni udongo wa kuteleza, na mawe yamejificha ndani ya maji.

Ukimwambia mwenye motokari aweke janti ndogo, anajibu: "Motokari itashuka, itagusa chini." Hapana. Soma maandishi ya ku ubavu wa pneu. Ile ya 18 imeandikwa 265/60R18. Namba 265 ni upana wa pneu kwa milimetre. Namba 60 inasema urefu wa ubavu ni asilimia 60 ya ule upana, ni kusema milimetre 159. Sasa chukua 265/65R17: ubavu unafika 172. Chukua 265/70R16: unapita 185. Halafu piga hesabu ya gurudumu lote kutoka chini mpaka juu. Ya 18 inatoa 775, ya 17 inatoa 776, ya 16 inatoa 777. Urefu ni ule ule. Motokari haishuke, na kipimo cha mwendo hakidanganye. Chuma ndicho kimepungua, mpira umeongezeka.

Na ule mpira wa kuongezeka ndio unameza jiwe. Pneu ya ubavu mufupi ikipiga jiwe, inabanwa kati ya jiwe na janti, nyuzi za ndani zinakatika, na kesho yake unaona uvimbe kama jipu. Mashofere wanaita ile hernie. Kwado anaweza kuziba tundu la musumari, lakini ubavu hauzibwe. Mwenye anasema "itafika tu" anacheza na roho za watu, maana hernie haipasuke ukiwa umesimama. Inapasuka mu muteremko, na mizigo juu, na watu juu ya mizigo.

Kwa Prado, kutoka 18 kwenda 17 ni rahisi, kiwanda chenyewe kilitoa nyingi na janti ya 17. Kwa 16 musikimbilie: mu Prado zingine freni za mbele ni kubwa, janti itazisugua. Fundi aweke moja mbele, aizungushe kwa mukono, kisha ndipo mulipe. Musinunue pia janti kwa macho. Prado iko na matundu sita, Land Cruiser 79 za leo ziko na tano, haziingiliane.

Janti ndogo peke yake haitoshi. Tafuta pneu yenye herufi LT, ni kusema ilitengenezwa kwa kubeba muzigo. Tazama tena namba ya uzito. Kwa pneu ya kawaida unaweza kukuta 110, maana yake kilo 1.060 kwa pneu moja. Kwa LT unapata mpaka 121, ni kilo 1.450. Ukweli usemwe: pneu ile ni nzito, inakula mafuta zaidi, na mugongo utaisikia. Inaomba pia upepo mwingi kuliko ile ya kwanza. Ukiiacha na upepo wa zamani inapata moto na kuharibika bure. Ile yenye meno makubwa sana ni nzuri mu udongo wa Masisi, lakini ku goudron yenye maji inateleza. Kwa mwenye anaenda Rubaya na kurudi Goma kila juma, meno ya katikati yanatosha.

Mujihadhari na za occasion. Ku ubavu, nyuma ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho. 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa umri ule umekauka hata kama meno yanaonekana mapya. Ile ikatwe, ifungwe ku magurudumu ya chukudu, kule itafanya kazi ya heshima.

Sasa nani analipa? Hapa ndipo syndicat inaingia. Mashofere wanatuletea kilio kile kile: pneu ikipasuka, franga inakatwa ku mushahara wao. Tajiri ndiye alichagua janti ya kung'aa, shofere ndiye analipia jiwe. Code du travail ya 2002 inaweka usalama wa kazi juu ya mwajiri, na pneu ni chombo cha kazi kama vile piki na kofia. Wenye kuwa mu cooperative, mupeleke jambo hili ku mukutano: motokari yenye kubeba wachimbaji isipewe kazi mbele ya kutazamwa pneu, na hakuna shofere atakatwa kwa pneu yenye alikuwa amekwisha kuonyesha kama imeharibika. Shofere, andika tarehe, pata shahidi mmoja, piga picha ya ile hernie na simu.

Na wakati wa kununua, muhesabu tano, si ine. Roue de secours yenye urefu mwingine inasumbua diff, na juu ya Mushaki usiku hakuna duka.