Sumaku Inavyoisaka Sumukuvu (Sehemu ya Pili)

Mnunuzi wa mahindi anayepanda hadi Heru Juu, Kasulu, hutembea na bambo. Hulichoma ubavuni mwa gunia, punje zikateremkia kiganjani. Huzitazama, huzinusa, kisha huuma moja kupima ukavu. Hapo atajua unyevu, wadudu na uvundo. Sumukuvu hataijua: haina harufu, na punje iliyotakata machoni huweza kuwa nayo.

Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa siku chache, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika gunia la kilo 100, hiyo ni miligramu 1 tu. Na biashara ndiyo hasara ndogo. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hii, hata ugali ukasongwa vipi.

Kiasi kidogo hivyo kwa kawaida huhitaji maabara, na kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndiyo maana watafiti wanahangaikia kipimo cha kubeba mkononi, na baadhi yao wamegeukia sumaku.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1988. Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kuwa matabaka membamba mno ya chuma na kromiamu hubadilisha sana ukinzani wa umeme yanapokaribiwa na sumaku. Ugunduzi huo uliingia kwenye diski za kompyuta, na mwaka 2007 ukawapa Tuzo ya Nobel.

Kwenye chakula, kazi huanza na kingamwili zinazoishika sumukuvu, zilizobandikwa vichembe vya sumaku. Huchanganywa na maji ya unga uliochujwa, kisha humwagwa juu ya kijibamba chenye matabaka kama hayo, kilichopakwa sumukuvu. Kingamwili iliyokwisha kushika sumu ya kwenye unga haina nafasi tena ya kunasa kijibambani. Kwa hiyo usomaji huenda kinyume: ishara ikififia, sumu ni nyingi. Unga wenyewe karibu hauna usumaku, hivyo rangi na tope lake havikivurugi kipimo kama vinavyovivuruga vipimo vya mwanga.

Shida kubwa, hata hivyo, imo guniani. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache huweza kubeba karibu yote, na bambo likachomoka na zilizo safi. Kijibamba kitasoma kwa usahihi kiganja kisicho na hatia, na lori likaondoka na cheti. Ni lazima punje zichotwe sehemu nyingi za magunia mengi, zichanganywe, zisagwe zote, ndipo unga upimwe. Kazi hiyo haihitaji umeme wala sumaku, bali muda, na mnunuzi mwenye haraka huiruka kwanza.

Sehemu ya tatu itahusu ukaushaji wa mahindi Kasulu na Kibondo, ambako mvua huendelea hadi Mei.